Mikono Yote ya Kushoto

Mwenzangu, uko wapi? Nimefukuzwa kazi na nikakataa kutoka! 😂

Lile gauni la harusi ya Jumamosi, mikono yote miwili nimeikata ya kushoto. Yote! Mimi, miaka tisa kwenye mkasi!

Bibi harusi kaja kujaribu, mkono mmoja umekaa sawa, mwingine umejisokota begani kama umeteguka. Mama yake akamuuliza bosi, "Hii ndiyo nini?" Bosi bila haya: "Kitambaa mlicholeta kibovu, mama. Kimevutika."

Kibovu! Yule mama kakitafuta miezi mitatu. Nikaona machozi yanamlengalenga, ikanitoka: "Mama, kitambaa chako hakina kosa. Nimekosea mimi kukata."

Bosi akafoka, "Toka dukani kwangu!"

Nikamwambia, "Nitatoka, lakini bibi harusi haendi ukumbini na bega la kuazima." Mwenzangu, bibi harusi akacheka! Mama yake akavuta kiti, akakaa mlangoni: "Shona, binti yangu. Nimwone wa kukutoa."

Vipande vilivyobaki vikatosha mkono mmoja wa kulia, unaoishia kwenye kiwiko. Basi na wa kushoto nikaufupisha. Gauni limemkaa kama kazaliwa nalo!

Sasa bosi anasema nirudi kesho, yaishe. Sirudi. Kosa langu nimelibeba hadi mwisho; uongo wake sitaushonea hata kifungo.

Kwa hiyo shusha televisheni yako kutoka juu ya ile cherehani yangu niliyokuachia, niko njiani naifuata nianze kushona kwangu. Tamthilia utaitazamia sakafuni.