Sabuni za Baba na Nenosiri Lake

Kaka mpendwa,

Salamu zikufikie wewe, wifi na watoto. Sisi huku hatujambo kwa kiasi chetu. Baba anakula vizuri na anajikongoja kwa fimbo hadi karakanani, ila ulimi bado mzito. Tangu kiharusi kimpate, neno lilikuwa halijamtoka hadi juzi. Nakuandikia barua kwa sababu kila tukipigiana simu tunaishia kununiana, na karatasi hainikatizi.

Uliniagiza niibane kampuni yenye ile programu ambamo Baba aliandika vipimo vyote vya sabuni zake, ili yule bwana wa kiwandani anayetaka kuvinunua avipate kabla hajabadili nia. Nimeibana. Dada wa huduma kwa wateja alinisikiliza, kisha akasema hawawezi. Nikamwambia hawataki. Akanieleza kwa subira kwamba Baba anapoandika, simu yake huyavuruga maneno kabla hayajatoka, kwa ufunguo unaotokana na nenosiri lake. Kwao hufika mavurugiko matupu. Wao huyahifadhi tu na kuyapeleka kwenye kifaa chake kingine, na huko ndiko yanakofunguliwa, kwa nenosiri lilelile. Hata mkuu wao akichungulia, haambulii kitu. Nikamuuliza kuhusu kile kitufe cha “nimesahau nenosiri” ulichotaka nikibonyeze. Akasema akaunti ingefunguka, lakini ya zamani yote yangebaki yamefungwa milele.

Basi tumejikwaa wenyewe. Simu ya Baba ilitumbukia kwenye pipa la mafuta siku alipoanguka, ikafa. Kompyuta ya karakana ilikuwa wazi, kila kitu kinasomeka. Tukampa fundi aifute tuiuze, maana ulisema vyote viko salama kwa kampuni, nami nikaitikia kama kasuku. Viko salama kweli. Majuto ni mjukuu.

Juzi nilinunua simu nyingine, nikaweka programu ile, nikamkabidhi Baba bila matumaini. Akaishika kwa mkono wa kushoto, ambao ndio mzima, na ndio aliozoea kuandikia huku wa kulia ukikoroga sufuria. Nilidhani anaishangaa tu. Kidole gumba kikaanza kutembea, hakikusita hata kidogo. Mdomo hauwezi kulitamka nenosiri, lakini kidole hakijalisahau. Vikashuka vyote: mafuta, magadi, siku za kukausha. Nililia, Kaka, sioni haya kukuambia.

Nikamuuliza kama tumpe mnunuzi. Akatikisa kichwa kukataa. Nikamuuliza tena, nikakutaja wewe, maana najua umeshamwahidi yule bwana. Baba akaifunga programu, akaitia simu mfukoni, akahangaika na mdomo wake mpaka nikataka kumzuia, kisha neno likatoka.

“Nipo bado.”

Sasa nikuambie lililonifanya nishike kalamu. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, nikakifuata kidole herufi kwa herufi. Nenosiri ninalo, na sitakupa. Utakasirika, na hasira zako nazijua, nimekua nazo. Lakini wenye mitambo yao wamejinyima njia ya kumchungulia Baba. Mimi mwanawe nimuuze kwa sababu tu nilisimama nyuma ya mgongo wake?

Njoo umwombe mwenyewe. Usije na mnunuzi, na usiwe na haraka, maana anajibu polepole.

Wifi nisalimie sana, na watoto uwabusu.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba