Anayesikia Baridi Nyumbani Kwetu

Ambohimena, tarehe 9 Julai

Kaka Rivo mpendwa,

Pokea salamu zangu, nyingi kuliko nzige wa mwaka jana. U hali gani, na kile kikohozi chako? Sisi tu wazima, ila baridi ya mwezi huu imetukalia shingoni. Shangazi Bakoly anakusalimu, anauliza kama huko mjini kalamu zimekwisha.

Nadhani umesikia kwamba Babu ameamua kaburi lifunguliwe mwezi ujao, Mama avikwe sanda mpya ya hariri. Chanzo ni mimi. Siku moja nililala mchana, nikasema usingizini kwamba nasikia baridi. Shangazi akamkimbilia Babu kumwambia kuwa marehemu Mama ameazima kinywa changu kuomba sanda mpya. Tangu hapo hakuna aliyeniuliza neno.

Ukweli ni huu. Kila nikifumba macho najikuta ndani ya nyumba yetu ya zamani, ile iliyotuangukia kwenye mvua za mwaka juzi, wakanifukua mimi tu nikiwa hai. Imesimama vilevile, lakini dirishani ni tope jekundu tupu. Mama yumo, anachemsha maji ya ukoko wa wali, tunakunywa. Nikiamka nina tope visiginoni, na Shangazi akifua shuka ananiuliza kama nimeolewa na kitanda. Nacheka, lakini naogopa, Kaka. Kila nikirudi, paa limeshuka. Juzi nilikaa nimeinama, na huku kwa walio macho walijaribu kuniamsha tangu asubuhi hadi jioni. Hata maji walinimwagia.

Nimekuwa nikimwambia Mama mlango umekwama. Siku zote hunijazia kikombe tu. Juzi aliweka kikombe chini, akasema, "Haingo, komeo liko upande wako. Mimi sisikii baridi, mwanangu. Wala sina haja ya kukaa humu."

Basi naungama kwako kabla ya wengine. Mlango haukukwama. Nilitia komeo mwenyewe, siku ya kwanza kabisa, ili asiniache mara ya pili. Aliyelia baridi ni mimi.

Babu siwezi kumwambia, na hariri imekwisha kufumwa. Komeo nalo nimejaribu kulifungua, mkono unakataa. Njoo kabla ya Ijumaa, tafadhali, kabla paa halijafika chini. Keti kando yangu nikilala, unishike mkono mmoja, nijue kuna mtu upande huu. Huo mwingine nitaulazimisha.

Wasalimie wote unaokaa nao, na ule ushibe.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Haingo