Kasuku Asiyejua Kushuka

Jumanne, 14 Oktoba. Asubuhi ukungu mwembamba, nyuzi tisa, upepo mdogo wa kusini-magharibi.

Mwanangu Jildou,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini bahari ya Norwei haikumwagii masufuria, na mabaharia wako wanakula wakamaliza. Mimi mzima wa mwili. La moyo nakuandikia, maana kwenye simu ya meli nitalia tu na hutasikia neno.

Kasuku wetu Doede yuko juu ya mti tangu juzi.

Nilimrusha shambani kwa jirani yetu Harmen, kama ulivyonifundisha. Nilimpima kwanza, gramu 948, na alikuwa hajala. Mara tatu nilipuliza filimbi, mara tatu akatua mkononi akapewa lozi yake. Mara ya nne bata bukini walipita kwa mamia wakienda baharini. Akashtuka, akapanda mpaka kilele cha mti wa mpopla, ule mrefu kuliko yote. Toka hapo ananiita, nami namwita. Watu wa zimamoto walileta ngazi. Ilipomkaribia, akapanda zaidi. Leo siku ya tatu nasimama chini ya mti tangu alfajiri mpaka giza, aone sijamwacha. Harmen ameniletea kiti na supu ya njegere. Kauliza, "Sjoukje, huo mti umekuoa?" Sikuweza kucheka.

Nifanye nini?

Mama yako

Jumatano, 15 Oktoba

Mama,

Pole. Mimi sijambo, bahari imechafuka kidogo. Mtandao tunaupata mara moja kwa siku, ndiyo maana jibu limechelewa. Nilikuomba usimrushe mpaka nirudi. Hilo tutaliongea.

Ondoka chini ya mti. Doede amekulia ndani ya nyumba. Kupanda anajua, kushuka wima hakuna aliyemfundisha. Ukisimama kwenye shina, kwake wewe uko chini ya kisima, na kila unapomwita unamwita mahali asipoweza kufika. Nenda mbali, vuka mifereji mitatu, simama upande unakotoka upepo. Ndipo mteremko wake wa kushukia utakapokuwa wa taratibu.

Na akiachia tawi, usimwendee hata hatua moja. Anapiga hesabu ya mahali uliposimama. Ukisogea, umemvunjia ngazi.

Binti yako

Alhamisi, 16 Oktoba. Mawingu mazito, nyuzi nane, upepo umeongezeka.

Mwanangu,

Natumaini umeamka salama. Mimi nipo.

Barua yako niliisoma jana saa sita mchana, nikaondoka pale mtini. Sijawahi kufanya jambo gumu kuliko kumpa mgongo. Alianza kuita kwa sauti yangu mwenyewe, ile ninayomwitia mlangoni: "Njoo basi, kipenzi, njoo." Harmen alitembea nami, akaniambia nizibe masikio. Tulivuka mifereji mitatu. Niligeuka, nikapuliza filimbi mara moja.

Aliachia tawi, lakini hakutua. Alipita juu, akazunguka, shakwe wakamvamia, na upepo ukamchukua ng'ambo ya tuta la bahari. Harmen alimfuata kwa baiskeli mpaka tuta lilipokatika. Jioni wavuvi wa kamba walisema walimwona amekaa juu ya nguzo ya kuonyesha njia, huko kwenye matope, na maji yanajaa. Waligeuza mashua. Walipofika, nguzo ilikuwa tupu.

Nisamehe.

Mama yako

Ijumaa, 17 Oktoba

Mama,

Nimeisoma mara nne. Nina swali moja. Alipoachia tawi, ulikuwa wapi?

Binti yako

Jumamosi, 18 Oktoba. Mvua tangu alfajiri, nyuzi saba.

Jildou,

Sijui kama bado nina haki ya kukuuliza hali. Nauliza hivyo hivyo.

Nilikuwa palepale uliponiambia, ng'ambo ya mfereji wa tatu. Aliachia tawi, akafungua mabawa yote, akaja akishuka taratibu kama mtu anayeteremka ngazi za nyumbani kwake. Siku tatu alikuwa hajala. Nami nikamkimbilia.

Harmen alinishika koti. "Simama, Sjoukje. Wee, simama." Likamponyoka. Niliruka mfereji, sijui vipi, na miaka yangu sitini na minane. Nilipotazama juu, Doede alikuwa juu ya kichwa changu, bado kimo cha nyumba mbili, kichwa kakiinamisha, ananitafuta. Nilikuwa nimejirudisha chini ya kisima. Akapita. Alipogeuka, shakwe walikuwa wameshafika.

Maelekezo yako niliyanakili kwenye karatasi, kwa namba. Nilikuwa nayo mfukoni. Nilijua ninachokifanya wakati nakifanya, na miguu ikaendelea.

Juzi sikukuambia kwa sababu niliona haya. Ukitaka kunitukana, nitukane, ila andika.

Mama yako

Jumapili, 19 Oktoba. Asubuhi kweupe, nyuzi kumi, upepo umekufa kabisa.

Jildou mwanangu,

Natumaini u mzima. Mtandao wa meli ulifika jana saa sita mchana kama kawaida, sikuona barua yako. Nikasema labda umekuwa na kazi nyingi jikoni, nikangoja.

Palipokucha nilienda kwenye tuta, nikapuliza filimbi kila baada ya dakika tano, mara kumi na mbili. Hapakuwa na upepo hata wa kutikisa majani. Siku kama hii angeweza kushuka mwenyewe. Nilirudi nyumbani nikakaa kitini, koti bado mwilini. Nilipitiwa na usingizi saa nne na robo asubuhi, na sasa nimeamka nakuandikia, nikingoja neno lako.

Mama yako