Bahasha ya Daktari

4 Machi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo na mgongo umekupa nafuu. Mimi mzima, ila koo linawasha kwa vumbi la chaki, na sababu yake utaiona hapo chini.

Nimefika salama. Nakaa chumba kimoja na fundi cherehani, dada mkimya anayeshona sare za shule mpaka kitanda changu kinatetemeka. Jana nilikwenda chuo cha udaktari wa meno kuchukua fomu. Wanataka vyeti, picha mbili, na barua ya daktari wa meno niliyefanya kazi chini yake. Barua hiyo iwe imefungwa na kupigwa muhuri juu ya mdomo wa bahasha, na mwombaji haruhusiwi kuisoma. Vyote nivikabidhi pamoja, kwa mkono wangu, kabla ya tarehe 25.

Daktari alikuwa safarini nilipoondoka, lakini aliniahidi. Atamtuma muuguzi wake akuletee bahasha nyumbani. Najua ni miaka kumi na moja hamsalimiani. Wewe ipokee tu, uipeleke ofisi ya vifurushi vya mabasi, basi.

Waombaji tumezidi mia tatu na nafasi ni thelathini. Wiki ijayo kuna jaribio la mikono: kila mtu anachonga jino kwa chaki. Nafanya mazoezi kila usiku, ndiyo hilo koo.

Mwanao

15 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi sijambo, mgongo ni ule ule, tumeshazoeana.

Bahasha imeletwa juzi. Muuguzi hakukubali hata maji ya kunywa. Kwa nini? Mtu aliyeleta jambo jema hukaa kidogo.

Halafu ni nyepesi. Nimeiweka kwenye mizani ninayopimia plasta ya meno, na ukiondoa bahasha yenyewe, ndani kuna karatasi moja. Miaka miwili umemchemshia vyombo na kuwashika mikono wagonjwa wake, halafu karatasi moja? Kusifu kunataka nafasi. Kukataa ni mstari mmoja.

Wewe ulikuwa mdogo, hukuona. Miaka tisa nilimtengenezea meno ya bandia. Siku meno ya mwalimu mmoja mstaafu yalipombana, Daktari alimwambia mbele yangu, "Fundi wangu kakosea." Kipimo cha mdomo alikichukua vibaya yeye! Nikavua aproni, nikaja kufungua karakana yangu hapa uani. Akumulikaye mchana, usiku hukuchoma.

Ulimkosea nini kabla hujaondoka? Niandikie, usipige simu. Simu ina masikio, na hii ya kwangu ina na ya jirani.

Baba yako

17 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, lakini umeniambukiza. Tangu nisome barua yako nawaza ile karatasi moja. Nimekumbuka siku niliyoangusha sinia la vyombo. Daktari aliandika kitu kwenye daftari lake akalifunga. Mpaka leo sijui aliandika nini.

Hata hivyo barua si yetu. Tafadhali usiiguse zaidi ya kuibeba, na vidole vyako hivyo vya nta. Nakujua, Baba. Matokeo yangu ya darasa la saba uliyajua wewe siku nzima kabla yangu, na bahasha ilikuwa imefungwa vizuri tu.

Jaribio limepita. Nilichonga gego la chini, mizizi miwili, kama ulivyonifundisha: uanze na unachokiona, mizizi itakuja yenyewe. Msimamizi aliligeuza mara tatu akauliza nani kanifundisha. Nikasema baba. Akaandika kitu. Kila mtu siku hizi anaandika kitu.

Zimebaki siku nane. Itume leo.

Mwanao

20 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Hapa wote salama.

Bahasha imeondoka na basi la asubuhi. Usiwe na wasiwasi juu ya Daktari. Nadhani ni mtu mwenye haki. Kula vizuri, ulale mapema.

Baba yako

26 Machi

Baba,

Shikamoo. Mzima, kama kusimama wima ni uzima.

Juzi nilikabidhi kila kitu. Msajili aliinua bahasha kwenye mwanga wa dirisha, akaniambia kwa sauti ambayo foleni nzima iliisikia: "Hii imefunguliwa." Nusu mbili za muhuri hazikutani. Nikaapa. Akasema wote huapa. Wameniwekea alama kwenye jina, na nimepewa mpaka tarehe 8 Aprili nilete barua nyingine na maelezo. La sivyo naondolewa kwenye orodha.

Nimewaza mpaka kichwa kinauma. Kuna karani wa vifurushi, anayenusanusa kila mzigo. Kuna Daktari mwenyewe: aliifunga vibaya kusudi? Na yupo fundi cherehani. Yeye ndiye aliyeipokea mimi nikiwa chuoni, ikakaa naye nusu siku. Jana nilimuuliza. Hakujibu. Alikunja kitambaa chake, akabeba cherehani akaiweka kwenye korido, na sasa anashonea huko. Mtu asiye na kosa si angejitetea? Kikulacho ki nguoni mwako, Baba, hata kikiwa kimya.

Naona haya kuuliza, lakini nauliza: ilipotoka mikononi mwako ilikuwa imefungwa? Na tangu lini Daktari amekuwa mtu mwenye haki?

Nijibu kwa basi la kwanza.

Mwanao

31 Machi

Baba,

Siku tano, hujajibu.

Leo wameniita ofisini. Kulikuwa na mwalimu mmoja mzee. Alikwangua mdomo wa bahasha kwa kucha, akanusa, akampa msajili naye anuse. Wakatazamana. Kisha akaniuliza kwa upole kama nyumbani kwetu kuna mtu anayetengeneza meno ya bandia.

Ni nta ya waridi, Baba. Ile unayopangia meno.

Nilikuandikia kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Nguo yenyewe nilikuwa sijaijua.

Mwombaji namba 212

1 Aprili

Mwanangu,

Salamu nyingi, hata kama huzitaki.

Ni mimi. Niliiweka juu ya mvuke tarehe 19, nikidhani nakulinda. Nilijiambia kama kakuchafua, heri tujue. Gundi ilipokataa kushika tena, nikapitisha nta kwa kisu cha moto, nyembamba, safi. Nilijisifu kwa ile kazi, nisikufiche. Kwamba naipeleka kwa watu wanaoshinda na nta hiyo hiyo mchana kutwa, halikunijia.

Ndani kulikuwa na sentensi tatu. Nimezishika kwa moyo. "Mikono yake ni mizuri kuliko yangu nilipokuwa na umri wake. Hajawahi kumdanganya mgonjwa. Anatoka nyumba ninayoijua: ukiacha kitu kwao mwaka mzima, utakikuta kama ulivyokiacha."

Niliisoma hiyo ya tatu bahasha ikiwa bado ina joto mkononi mwangu.

Nilipaswa kukwambia siku ile ile. Nikasema nani atajua. Barua yako ya fundi cherehani ilipofika, chakula kikanishinda. Yule dada anafukuzwa chumbani kwake kwa kosa langu, na mimi nimekaa napanga meno ya watu. Siku tatu nilivaa viatu nikavivua.

Juzi, tarehe 30, nilikwenda. Nilikaa kwenye benchi pamoja na wagonjwa mpaka zamu yangu. Daktari hakuinua kichwa. "Jino gani?" Nikasema sina jino, nina bahasha. Nikamweleza yote.

Aliinua kichwa. Kisha akauliza, "Ulifungia nini?"

"Nta."

"Ya waridi?"

"Ya waridi."

"Ukawapelekea walimu wa meno!" Alicheka mpaka muuguzi akachungulia. Halafu kicheko kikakatika. "Ulisoma na ile ya tatu?"

"Nilisoma."

"Basi hiyo siwezi kuiandika tena."

Hilo liliniuma kuliko siku ya yule mwalimu mstaafu. Siku ile nilionewa, lakini juzi alisema kweli.

Aliandika barua mpya na maelezo kwa chuo, akaviingiza kwenye bahasha, akaiacha wazi mezani mbele yangu. Akaenda kwenye sinki akanipa mgongo, akanawa mikono. Alinawa muda mrefu kuliko anaonawa akishang'oa meno matatu. Sitakudanganya, mkono wangu ulitembea. Nilitaka kujua kama ile sentensi ya tatu kaiacha au kaitoa. Nikailamba gundi nikaifunga. Akarudi, akapiga muhuri. Nilimwambia ibaki hapo hapo kwake, isilale nyumbani kwangu hata saa moja.

Muuguzi anasafiri kesho, atakukabidhi mkononi. Barua yako ya nta imenikuta leo, nimeshakwenda na kurudi. Huna sababu ya kuamini hilo. Muulize yeye.

Mwombe radhi dada wa watu kwa niaba yangu. Mimi sijui nianzie wapi na wewe.

Baba yako

19 Mei

Baba,

Shikamoo. Hujambo? Mgongo je?

Nimechelewa kuandika kwa makusudi. Nilitaka nawe ukae na bahasha usiyoweza kuifungua.

Muuguzi alifika. Kabla sijamkaribisha kiti, nilitazama tarehe kwenye muhuri. Tarehe 30. Barua yangu ya nta niliiandika 31. Kwa hiyo ulikwenda kabla hujakamatwa. Niliona aibu kwamba nimekagua, lakini nilikagua. Mtoto wa nyoka ni nyoka.

Fundi cherehani nilimwomba radhi. Aliniacha niseme mpaka maneno yakaisha, kisha akaniwekea mapajani mashati ishirini ya shule na boksi la vifungo. Hakujitetea siku ile, anasema, kwa sababu hakuwa na kitu cha kutetea. Nilishona vifungo Jumapili nzima. Cherehani imerudi chumbani na kitanda kinatetemeka kama zamani.

Kwenye usaili walikuwa watatu. Yule mwalimu mzee alifungua bahasha mbele yangu akasoma kwa sauti. Sentensi ya tatu ipo, Baba. Kaibadilisha tu. "Anatoka nyumba ninayoijua: wakikosea, huja wenyewe kusema."

Akaniuliza kama ni kweli. Nilikuona kwenye lile benchi, katikati ya watu wenye mashavu yaliyovimba, unasubiri zamu yako kwa mtu usiyemsalimia miaka kumi na moja. Machozi yakanilenga. Nikajibu, "Ni kweli, ila huchukua siku chache." Wakacheka, hata msajili.

Majina yamebandikwa leo. Mimi ni wa kumi na tisa kati ya thelathini. Masomo yanaanza Septemba. Kabla ya hapo nitarudi nyumbani, na tutakwenda wote kumshukuru Daktari. Utamsalimia wewe kwanza.

Nimekusamehe robo tatu. Hiyo robo iliyobaki naishikilia kidogo, maana bado nikipokea bahasha yoyote napitisha kucha kwenye mdomo wake, na sijui tabia hii itaniisha lini.

Bahasha hii nimeituma bila gundi. Sikutaka uhangaike na mvuke.

Mwanao