Gogo la Nzi Waliovaa Koti ya Nyuki

Jerop, mtoto wa dada yangu,

Hapa Chepsaita tuko wazima, nyanya yako anakusalimu, na ng'ombe amezaa. Unauliza kwa nini nimemnyima mchoma makaa lile gogo lililooza pale kwa kinamasi.

Nikiwa kijana, nilijulikana kutoka hapa mpaka Munyaka. Nilikuwa nikishika nyuki kwa mkono mtupu, wanaume wazima wanatoroka! Siku moja nyanya yako akanifungua kiganja, akacheka. "Wewe, huyu ni nzi. Amevaa tu koti ya nyuki. Hana mwiba." Akanionyesha funza wao, yaani watoto wao, wakikua kwa maji yaliyotuama ndani ya gogo bovu.

Siku hizi magogo yote yameenda makaa, kinamasi kimelimwa mahindi. Hao nzi nawaona kwa hili gogo peke yake. Mchoma makaa alikuja na msumeno: "Mzee, hii imeoza, nikusafishie." Nikampa mkaratusi wangu mzima, mbichi, ule mrefu unaokwaruza mawingu, gogo akaacha.

Jerop, mdudu hana silaha, anaishi kwa kutisha watu tu. Nani atamtetea kama si mimi?

Ni mimi anko wako, Kiprono, niliyeogopwa na nyuki wote wa Turbo.