Bibi Aliyewauliza Waandishi Kama Wamekula

Mobile, Alabama
Machi 3

Kaka yangu mpendwa Thurman,

Nakusalimu mimi, na Mama anakusalimu pia. Yuko barazani ninapokuandikia, amevaa lile sweta la kijani uliloliacha Krismasi ya juzi, bakuli la njugu za pekani liko mapajani. Anabangua moja, anakula mbili. Wewe hujambo? Mgongo wa wifi Charlene umepata nafuu? Na wasichana je, yule mdogo bado anapiga tarumbeta mpaka majirani wanagonga ukuta? Huku baridi imekwisha. Maua ya azalea yameanza kuchanua, na shanga za sherehe za Mardi Gras bado zinaning'inia kwenye miti ya Barabara ya Government. Hakuna aliyejisumbua kuzitoa.

Najua umenikasirikia. Jumanne ulikata simu kabla sijamaliza sentensi. Ulisema nina wivu, kwamba miaka yote hii nimemkalia Mama kama mtu aliyekalia sanduku lake, na sasa nchi nzima inampenda mimi naona uchungu. Ulisema watu wa televisheni ya New York walikwisha kata tiketi, wewe umekwisha omba ruhusa kazini, na mimi nikawapigia nikafuta kila kitu bila hata kukuuliza. Ni kweli, nimefuta. Lakini kwenye simu mimi na wewe hatuwezani: wewe unapaza sauti, mimi nanuna. Ndiyo maana nimechukua karatasi. Keti chini uisome yote, tafadhali, usiruke.

Habari za ile meli yetu, Marigold, unazijua kama kila mtu anavyozijua, lakini hukuwemo. Tulipanda meli tukiwa na furaha kama watoto. Mama alifua mashuka ya hoteli miaka thelathini na minane, na kutoka dirisha la chumba cha kufulia aliona kila meli iliyotoka kwenye ghuba yetu, lakini yeye mwenyewe hakuwahi kutoka nayo hata moja. Siku ya kwanza alisimama kwenye ukingo wa sitaha tangu chakula cha mchana mpaka cha jioni, akikataa hata kiti. Siku ya tatu, tukiwa tunarudi kutoka Mexico, moto ukawaka kwenye chumba cha injini. Waliuzima bila mtu kuumia, ila meli ikafa palepale. Hakuna taa, hakuna feni, maji hayapandi, vyoo havishuki. Watu elfu mbili na ushee tukaelea tu. Zikaja meli ndogo za kuvuta, na tukakokotwa siku nne, mwendo wa ng'ombe aliyeshiba.

Vyumba vya chini vilinuka na joto lake lilikuwa halivumiliki, basi watu wakabeba magodoro yao juu sitahani, wakafunga mashuka kwenye nguzo kama mahema. Chakula kilikuwa mkate na tango, kesho yake tango na mkate. Walikuwepo waliolia, waliopigana kwa ajili ya kivuli, na waliosali. Na alikuwepo mhudumu wa upande wetu, Marivic, mama wa makamo kutoka Ufilipino, aliyepanda ngazi asubuhi na jioni na ndoo za maji, mkono mmoja kiunoni kwa maumivu. Ukimkumbuka Marivic, mengine yote nitakayokuambia utayaelewa.

Tulipofika bandarini jua lilikuwa linaelekea kuzama, na kaka, sijawahi kuona Mobile imejaa hivyo hata kwenye gwaride. Helikopta tatu angani. Watu wamekaa juu ya magari, wengine wamekuja na watoto na kuku wa kukaanga kana kwamba ni mechi. Wengine waliinua mabango ya kutukaribisha nyumbani, wengine ya kututania, moja lilisema, "Oga kwanza, tukumbatiane baadaye!" Kanisa letu lilileta blanketi na supu ya moto. Na waandishi walikuwa wamejipanga kwenye uzio kama ndege kwenye waya, kila anayeshuka wanampigia kelele: "Ilikuwa jehanamu, sivyo? Tuambie, ilikuwa jehanamu?" Na watu wakawaambia. Bwana mmoja aliyekuwa magodoro mawili kutoka kwetu alisema hata beseni la kuogea hatapanda tena maishani mwake.

Kisha wakamwona Mama, na fimbo yake, na kofia yake ya kanisani. Hapo ndipo yule mwandishi wa kike mwenye koti jekundu alipomwekea kipaza sauti mdomoni akamuuliza kuhusu jehanamu. Wewe ile picha ya televisheni umeiona mara ngapi sijui, lakini niache niiandike, maana nilikuwa nimemshika mkono.

"Jehanamu? Nani kakwambia?" Mama alisema. "Tumelala chini, sawa, lakini tumelala na watu. Choo kilikuwa kibaya. Choo ni choo. Ozella alituletea maji asubuhi na jioni, mgongo unamuuma wala halalamiki. Sasa unataka nilie nini?" Halafu akamtazama yule binti kutoka juu mpaka chini. "Hebu, wewe umekula? Mbona umekonda hivi na unasimama kwenye upepo? Na huyu mwenzako aliyebeba dude begani, kala?"

Mpiga picha alicheka mpaka picha ikatikisika. Macho ya yule binti yakajaa maji.

Yaliyofuata unayajua kwa upande wa huko. Wa huku ni huu. Jumamosi fulana za "Choo ni choo" zilikuwa zinauzwa Mtaa wa Dauphin. Jumapili mchungaji alihubiri dakika arobaini juu ya neno "Umekula?" na Mama akasinzia. Magari ya televisheni yalijaa mbele ya nyumba mpaka jirani yetu Clovis akatoka na mpira wa maji, "Shukeni kwenye maua yangu, la sivyo na nyie mtaona mafuriko!" Wakampiga picha na yeye. Watu tusiowajua walileta keki, magauni, na sufuria za mchuzi wa gambo hata friji ikagoma kufunga.

Si wote waliompenda. Yule bwana wa beseni alisema redioni kwamba kampuni ya meli imemnunua kikongwe ili wale walioteseka waonekane wanadeka. Siku mbili simu ililia kwa matusi. Mara moja Mama aliwahi kuipokea kabla yangu. Nikamsikia anasema, "Basi njoo chakula cha mchana uyasemee hapa, nina maharage jikoni." Mtu huyo akasema samahani bibi, nimekosea namba.

Na ukaja mkasa wa Ozella. Waandishi walitaka kumpata huyo Ozella shujaa. Kampuni ikajibu kwamba haina mfanyakazi wa jina hilo. Basi ikawa wanamficha! Wamemfukuza! Watu wakasimama mbele ya ofisi zao na mabango, "Ozella yuko wapi?" Wewe mwenyewe ulinipigia siku ile, "Merline, mbona Mama kamwita mtu wa watu jina la Mama Mdogo Ozella?" Nikakujibu kwamba ni utani wake, yule mhudumu alikuwa na mwendo wa marehemu. Ukacheka. Ukasema mama yako ana akili kali kuliko New York nzima, na kwamba picha yake umeibandika kwenye mlango wa karakana yenu. Na mimi nikacheka pamoja nawe.

Thurman, nilikudanganya. Haukuwa utani.

Mama aliposema Ozella alimaanisha Ozella. Aliposhuka ile ngazi hakuwa anashuka melini. Alikuwa anatoka kwenye ukumbi wa michezo wa shule, mwaka sabini na tisa, baada ya kile kimbunga, tulipolala sakafuni siku sita pamoja na nusu ya mtaa. Unakumbuka? Ulikuwa na miaka kumi na saba, ulienda na Baba kutafuta barafu, na Mama Mdogo Ozella alibeba maji kutoka kwenye lori la jeshi na mgongo wake ule. Siku ya pili baada ya moto, Mama aliniamsha pale sitahani akaniuliza kama barabara imeshafunguliwa, na kama wewe na Baba mmerudi. Nilimwambia bado. Akasema basi tusikae bure, akaanza kukunja mashuka ya watu.

Ugonjwa wa kusahau umempata. Daktari aliniambia tangu Septemba. Nilikuwa nimeshaona: viatu kwenye jiko la kuokea, sahani ya Baba mezani, siku ile alipopotea kona mbili tu kutoka hapa na akamwambia polisi anakwenda kazini. Tulipotoka kwa daktari alikuwa mzima kabisa, akaelewa kila neno. Kwenye gari akaniambia, "Usimwambie Thurman kwanza. Atakuja kunifungia mizigo. Nipeleke nikaone maji yasiyo na ng'ambo, tukirudi mwambie." Nikamwahidi.

Sasa tumerudi zaidi ya wiki mbili. Hizi siku za ziada si zake, ni zangu. Niliogopa. Nakumbuka ulivyosema kwenye mazishi ya Baba, kwamba siku Mama akichoka utamchukua Milwaukee, kwenye nyumba nzuri ya wazee karibu nanyi. Ulisema kwa mapenzi, najua. Lakini mimi nilisikia mlango unafungwa. Halafu ghafla nchi nzima ikawa inasema bibi huyu ana akili kali, na mimi, Mungu anisamehe, nikaupenda uongo huo. Nilikaa sebuleni nikitazama watu wakimcheka kwa upendo, nikajiambia labda daktari kakosea.

Na kuna jingine ambalo sijamwambia mtu. Kule melini nilikuwa na furaha. Hapa nyumbani Mama anapotea kila siku, anazunguka akitafuta mlango. Kule kila mtu alikuwa amepotea isipokuwa yeye. Alijua la kufanya. Alimshika mkono mke wa yule bwana wa beseni mpaka akalala. Aliwafundisha watu kukunja shuka lenye maji bila kulivuta chini. Aliniita kwa jina langu siku zote nne, hakukosea hata mara moja. Wengine walikuwa wanahesabu saa za kufika. Mimi niliomba tusifike.

Kwa nini nilifuta safari ya New York? Alhamisi ya kabla ya ile simu yetu nilimwonyesha ile picha kwenye televisheni, ya yeye na yule binti wa koti jekundu. Akatazama mpaka mwisho, akatabasamu. Kisha akaniambia, "Bibi huyu ana adabu. Ni wa kwao nani?"

Wangemkalisha chini ya mataa yale, Thurman, wamuulize habari za Marigold, aseme hajawahi kupanda meli. Wangecheka, wakidhani ni utani mwingine. Na yeye angewatazama mmoja mmoja akitafuta kinachochekesha. Nisingeweza kuliona hilo, na najua wewe pia usingeweza. Usijilaumu kwa zile tiketi. Ulitaka dunia imwone mama yako, na ungekuwa na haki kabisa kama ungeambiwa ukweli. Mimi ndiye niliyekunyima.

Jana nilimpigia yule binti wa televisheni. Nilimwambia mama yangu alichanganya majina, kwamba aliyebeba maji anaitwa Marivic, aandike hivyo na amshukuru kwa niaba yetu. Hakuuliza zaidi. Akasema bibi yake aliyemlea naye aliondoka duniani akimwita kwa jina la dada yake. Akaahidi hatatuma gari tena mbele ya nyumba, na kweli leo mtaa uko kimya.

Sasa nakuomba, si kwa haki, kwa kuwa haki nimeshaichezea. Usingoje Pasaka. Njoo mwezi huu. Usije kufunga mizigo yake. Njoo na yako, ukae wiki mbili, ulale kwenye chumba chako. Mambo ya nani akae wapi tutayazungumza mezani sote watatu, siku ambayo yuko nasi, na nitasikiliza bila kununa. Ukiingia, usimuulize kama anakukumbuka. Akiulizwa hivyo anatishika. Sema jina lako kwanza, kaa, mchukulie pekani umsaidie kubangua. Atakupata mwenyewe.

Mpe wifi salamu zangu, na mwombe anisamehe kwa kumharibia safari ya New York aliyokwisha nunulia viatu. Wabusu wasichana. Clovis anakusalimu, anasema bado unamdai mchezo wa domino. Sina zaidi, ila mapenzi, na aibu yangu ambayo nimeiweka yote humu.

Mimi dada yako akupendaye,
Merline

Nimesahau kukuambia: asubuhi ndizo nzuri kwake. Tafuta ndege inayofika asubuhi.