Macho ya Bibi Uliyoyafuta

Mdogo wangu Maduhu,

Simu zangu hupokei tangu siku tuliyojengea kaburi la bibi, kwa hiyo nakuandikia hapa, mbele za watu. Wewe ulimweka bibi yetu mbele za watu bila idhini yake, basi na mimi sioni sababu ya kunong'ona.

Mchoro ule uliouleta kaburini bado uko sebuleni kwangu hapa Ngokolo. Nimeugeuza uelekee ukutani. Mgeni akiuliza ni picha ya nani, namjibu simjui, na hapo sidanganyi.

Sina ugomvi na kazi yako, usije ukajificha nyuma ya hilo. Unakumbuka nilivyokuja Geita ulipofungua studio? Nilikaa kwenye benchi lako mchana kutwa nikiangalia wachimbaji wanaingia na vumbi la duarani, kwenye mashimo ya dhahabu, hadi kwenye kope. Unawapiga picha, unaziingiza kwenye kompyuta, unabonyeza filta yako, na mtu anageuka mchoro wa rangi za mafuta, utadhani kuna fundi aliyemkalia wiki nzima na brashi. Mmoja aliuona uso wake akasema, "Kumbe na mimi ni mtu." Nilijivunia wewe siku ile, mdogo wangu. Ukanigeuza na mimi, nikakutania kwamba umenifanya malkia wa nchi isiyo na jua. Tulicheka mpaka wateja wakatushangaa.

Lakini bibi hakuwa mteja wako.

Umesahau jiko lake? Kijijini kuni zilikuwa za kutafuta kwa tochi, miti ilishakwisha, naye alipikia mashina ya pamba, na yakiisha, mavi ya ng'ombe yaliyokauka. Mimi na wewe tulikuwa tunakimbilia nje tukikohoa, yeye anabaki ndani ameinama anatusongea ugali. Alitulea hivyo tangu mama alipofariki, mpaka macho yake yakawa mekundu, na hayakurudi tena. Kwetu sisi kila mtu anajua kikongwe mwenye macho mekundu huitwa nani. Watu wakaanza kupita mbali na uzio wetu. Akaacha kwenda gulioni. Akisikia pikipiki imesimama nje, alidhani wenye mapanga wamemfuata, akatushika mikono sote wawili. Wewe ulikuwa mkono wa kulia, upande wa mlango.

Na siku yule jirani aliposema kisimani kwamba bibi yetu anawaloga watoto wa watu, nani alimjibu? Ni wewe, na kaptula yako iliyochanika. Ulisimama mbele ya watu wazima ukapaza sauti, "Macho ya bibi ni moshi wa ugali wetu!" Walikucheka, ila yule jirani aliondoka na ndoo isiyojaa. Bibi aliposimuliwa alikupa michembe yote ya jioni, viazi vyetu vitamu vya kukausha, peke yako, nami nikanuna. Tangu hapo wewe ndiye ulikuwa shujaa wa nyumba yetu, hata kama sikuwahi kukuambia.

Ndiyo maana alikubali kwako alichotukatalia wengine wote. "Picha ya nini? Wakaoneshane haya macho?" Hilo ndilo lilikuwa jibu lake siku zote. Wewe ukamwambia, "Bibi, hii naitunza mimi." Akakaa kwenye kigoda, akaitazama simu yako moja kwa moja, na wekundu wake wote, akatabasamu. Hakuwahi kupigwa picha nyingine.

Kisha ukaja kaburini na mkeo na wakwe zako, umebeba kitu kikubwa kilichofunikwa kitambaa. Ulipokifunua wanawake walipiga vigelegele. Na mimi nilianza kupiga, vikanifia mdomoni. Ngozi laini, mashavu yamepakwa rangi ya maua, mikwaruzo ya brashi ambayo hakuna mkono ulioichora, na macho meupe kama ya mtoto mchanga. Mama Kulwa, rafiki pekee aliyeendelea kumtembelea bibi hadi mwisho, alisogea na fimbo yake, akautazama mchoro, akanigeukia.

"Ng'wanone, mwanangu," akaniuliza, "huyu mama ni mgeni wa nani?"

Nilikuvuta nyuma ya jiko la bibi nikakuomba picha yenyewe. Ukasema umeshaifuta, hii ndiyo nzuri.

"Maduhu, macho yake umeyapeleka wapi?"

"Dada, punguza sauti. Wakwe zangu wapo hapo. Wakiyaona yale macho, wataniona natoka ukoo gani?"

Nipunguze sauti! Tena uliweka kidole mdomoni, umeegemea ukuta uliojaa masizi ya chakula chako mwenyewe. Umenisaliti, Maduhu, na umemsaliti yeye. Majirani waliomsema tulishawazoea, hatukutegemea kitu kwao. Wewe ulikuwa wa kwetu. Ulipoyafuta macho yale uliwaambia kwamba siku zote walikuwa wanasema kweli. Na sasa nasikia umebandika nakala dirishani mwa studio, wateja wanainyooshea kidole, "Nifanyie kama yule bibi." Nimelia kwa hasira hadi kichwa kikauma.

Mimi bado napika chakula cha kuuza, unajua, masufuria na moshi tangu alfajiri. Juzi mteja mmoja, binti wa watu, aliniuliza taratibu, "Mama, macho yanakuuma?" Nilipofika nyumbani nilijitazama kwenye kioo cha kabati. Yameanza, Maduhu. Niliogopa, sikufichi. Halafu nikaendelea kutazama, maana alikuwa yeye kabisa, ananiangalia kama alivyokuangalia siku ile kwenye kigoda.

Kwa hiyo ile picha haijapotea. Njoo uione. Njoo na mkeo, njoo na wakwe zako pia, nitawasongea ugali washibe. Simu uiache nje. Utakaa mbele yangu unitazame machoni, kisha utawageukia uwaambie ni moshi wa nini. Na usipunguze sauti.

Ni mimi dada yako,
niliyekuwa mkono wa kushoto wa bibi.